Mwanangu alianza kunawa bila kukoma baada ya kuugua mafindofindo

Dada uliyeuliza kama mafindofindo ya mwanao ndiyo yaliyomletea tabia ya kurudi mara kumi kukagua komeo la mlango, nakujibu kama mzazi wa hapa Dodoma aliyepitia jambo hilo, si kama daktari.

Binti yangu alikuwa na miaka 7 alipougua koo, na alipopata nafuu siku ya nne tukakatisha dozi ya amoksilini. Wiki chache baadaye akaanza kunawa mikono kwa hesabu iliyopaswa kuishia saba, na akikatizwa huanza upya huku analia. Mtaani kwetu maji ni ya mgawo, kwa hiyo nilishtuka kwanza kuona dumu la lita 20 limekauka kabla ya saa nne asubuhi, ndipo nikatazama vidole vyake vilivyopasuka. Bibi yake alishauri akatwe kimeo. Nilikataa, maana watoto huvuja damu hadi kufa kwa jambo hilo.

Wanasayansi hudhani kwamba kingamwili zinazotengenezwa dhidi ya streptokoki, bakteria wanaoleta maumivu ya koo, huweza kushambulia pia sehemu ya ndani ya ubongo inayoratibu mienendo. Susan Swedo na wenzake wa Marekani walieleza mwaka 1998 habari za watoto 50 walioanza tabia kama hizi baada ya maambukizi hayo, na ubishi haujaisha. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2017, uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 1, ulikuta hatari ya OCD, yaani ugonjwa wa akili wa kurudiarudia mawazo na vitendo bila kuweza kujizuia, ikiwa juu kwa asilimia 51 kwa waliopimwa wakakutwa na streptokoki. Hata koo lisilo na bakteria hao liliongeza hatari, ingawa kidogo zaidi. Usiogope: ugonjwa wenyewe huwapata watu wachache, na mambo kuandamana si lazima moja liwe limezaa jingine. Dozi imalizwe hasa kwa ajili ya moyo, ambao huweza kuharibiwa na homa ya rumatiki inayofuata maambukizi hayo yasipotibiwa vizuri.

Kilichomsaidia binti yangu ni mshauri wa afya ya akili, ambaye nilichelewa kumwendea kwa sababu hapa kwetu ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu husikia kichaa. Alimfundisha kungoja dakika tano kabla ya kunawa, kisha kumi, nami akanikataza kumjibu "ndiyo, ni safi", jibu nililokuwa nikilitoa kutwa nzima na kumbe lilikuwa likiilisha hofu yake.

Dalili za mwanao zikiwa zilizuka ghafla, pamoja na kupepesa macho au kukataa chakula, mwambie daktari tarehe aliyougua koo.