Wiki nzima ya tufaa, na hakuna mtoto aliyelishika

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la awali katika shule binafsi hapa Dar es Salaam, watoto 42 wa miaka minne na mitano. Mkuu wa shule anataka tufundishe kwa vitendo, mada moja kila wiki. Kwenye kundi la WhatsApp nikanunua pakiti ya "Wiki ya Tufaa", kurasa 60 za kuchapisha. Watoto wamepaka rangi, wamekata, wamebandika, wamefuatisha herufi A kwenye nukta. Matufaa yenyewe nilinunua matatu nikayaweka mezani wayaone. Ijumaa nikawauliza ndani ya tufaa kuna nini, wakabaki kunitazama. Juu ya hayo mzazi mmoja amenijia juu, anasema mwanawe anacheza tu, haandiki. Nimekosea hatua gani, na niongeze zoezi gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiongeze zoezi lolote.

Swali hili nalipata karibu kila muhula, kinachobadilika ni jina la tunda tu. Mmoja alikuwa na wiki ya nanasi, mwingine wiki ya stroberi, na huyo wa stroberi alikiri kwamba hata yeye hajawahi kuila. Wiki zote hizo ni moja: mtoto anafundishwa tunda bila kulinusa, kisha sisi tunaandika kwenye andalio la somo kwamba amejifunza kwa vitendo.

Mada ya tufaa ina kwao. Marekani shule nyingi hufunguliwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na muda si mrefu huwa msimu wa kuchuma matufaa. Mwalimu wa huko huwapakia watoto kwenye basi akawapeleka shambani, wakachuma wenyewe, wakarudi wamebeba. Tarehe 26 Septemba wapo wanaomkumbuka John Chapman, mtu wa kweli aliyezaliwa mwaka 1774, aliyezunguka akianzisha vitalu vya miche ya matufaa mpaka wakamwita Johnny Appleseed. Ile karatasi ya kupaka rangi huja baada ya yote hayo, kama kachumbari pembeni ya sahani. Wewe umeuziwa kachumbari, pilau imebaki Marekani.

Kwetu pia tufaa lina wenyewe, huko Njombe na Lushoto kwenye baridi. Ungekuwa unafundisha huko ningekwambia endelea nalo. Ila mtoto wa Dar analijua tufaa kama kitu kinachong'aa kwenye meza ya muuza matunda, lina kistika, na akinyoosha mkono anakemewa asishike. Ukamletea darasani, ukaliweka mezani, akaambiwa tena asishike. Alichojifunza wiki nzima ni kwamba tufaa ni la kutazamwa, na hilo alikuwa analijua.

Na kama una watoto wenye asili ya Unguja, Pemba au Tanga, kuna mtego wa jina. Tufaa la bibi zao ni jingine kabisa: tunda lenye ganda la wekundu wa zambarau, nyama nyeupe kama sifongo, harufu ya maua, na kokwa moja kubwa katikati. Ukimwuliza mtoto huyo ndani ya tufaa kuna nini akajibu "kokwa moja", yuko sahihi kuliko pakiti yako. Hili la mtaani wenzake wanaliita epo.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Walimu wengi wanaamini kwamba mikono ya mtoto ikiwa na kazi, hicho ndicho kitendo. Ana krayoni, ana mkasi, ana gundi, basi anajifunza kwa vitendo. Hapana. Kitendo ni pale mtoto anapofanya jambo juu ya kitu na kile kitu kikamjibu. Ukibonyeza chungwa lililooza, kidole kinazama na linatoa harufu. Ukilidondosha linabiringika hadi chini ya dawati, likikatwa linatoa maji. Mchoro wa tufaa hujibu nini? Upake nyekundu, upake bluu, umenyamaza vilevile. Anayejibu ni mwalimu na kalamu yake, na hapo mtoto anaacha kulisoma tunda, anaanza kuusoma uso wa mwalimu.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja nikimkagua mwanafunzi wangu wa mazoezi. Karatasi ya siku ile ilikuwa chungwa. Binti mmoja akalipaka kijani chote, kwa utulivu, bila kutoka nje ya mstari. Mwalimu akampigia alama ya kosa: "Chungwa ni rangi ya nini? Rangi ya ma-chu-ngwa!" Mtoto akageuza shingo akatazama dirishani. Nje ya uzio palikuwa na mama mmoja na tenga la machungwa ya Muheza, yote kijani. Kwenye joto letu ganda la chungwa hubaki na ukijani hata likiwa limeiva na tamu, kwa kuwa huo ukijani huhitaji usiku wa baridi ndipo utoke. Karatasi ile ilichorwa na mtu wa nchi ya baridi. Binti alichora alichokiona maishani mwake, akakosolewa na kivuli cha fotokopi. Yule mwanafunzi wangu sikumfelisha, lakini tuliongea mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo nunua machungwa. Watoto 42 ni wengi mno, kiwango cha serikali ni 25 kwa mwalimu mmoja, ila najua hilo si la kwako kuamua. Wagawe makundi ya sita au saba. Kundi moja linakuwa na wewe kwenye beseni, mengine yanabaki kwenye kona zao za kujifunzia na mwalimu msaidizi, mkibadilishana. Kila mtoto awe na chungwa lake, lisiwe la pamoja. Siku ya kwanza kazi ni moja tu: walijue. Kila mtu alitazame na kulipapasa chungwa lake, kisha yote yawekwe kwenye tenga, yachanganywe, kila mtu atafute la kwake. Utasikia lugha ambayo hakuna pakiti itakayokuletea: "langu lina kovu hapa", "langu lina kikonyo", "hili siyo, hili gumu". Huko ndiko kulinganisha na kupambanua. Haihitaji kichapishi.

Siku ya pili, beseni la maji. Kabla hujatumbukiza chochote waulize: litaelea au litazama? Kila mmoja aseme, na usimsahihishe mtu. Chungwa lenye ganda huelea. Limenye, litumbukize tena: linazama. Watapiga kelele, waache. Sababu ni ule utando mweupe wa ndani ya ganda, umejaa vijishimo vya hewa, lakini usiwaambie hilo upesi. Mtoto mmoja wa Bagamoyo, baba yake mvuvi, alisema mbele yangu, "Limevuliwa boya lake." Miaka minne! Ungemwahi na neno "hewa" angekosa kulisema. Tufaa nalo huelea, maana karibu robo ya ujazo wake ni hewa, kwa hiyo yale matatu yako yangekuwa na kazi kwenye beseni kuliko mezani.

Hesabu. Wako watoto wanaoimba moja hadi ishirini bila kukosea, na wazazi wanapiga makofi. Mwite mmoja wao umwambie, "Niletee machungwa manne." Wengi watakuletea kibunda, yoyote yanayoenea mikononi. Kuimba namba ni jambo moja, kujua kwamba namba ya mwisho uliyotamka ndiyo jumla ya vitu ulivyogusa ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo mtoto hupita miezi mingi: kwanza anaijua moja, baadaye sana mbili, kisha tatu. Huwezi kujua mwanao wa darasani yuko wapi kwenye njia hiyo kwa kumpa karatasi yenye matufaa manne yaliyokwisha chorwa. Aliyeyahesabu ni mchoraji.

Na hiyo A ya "apple" ya Kiingereza. Hapa ndipo huwa napandisha sauti. Mtoto wako anasema "epo". Sauti ya kwanza anayoisikia ni e. Wewe unamwonyesha A na kumwambia hii ndiyo ya epo. Kisha kesho unataka asome "ana", "baba", "kaka". Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina: irabu zake tano, kila moja sauti moja, haigeukigeuki. Tunampokonya mtoto bahati hiyo kwa sababu ya bango la ukutani. Hata kama shule yenu ni ya mchepuo wa Kiingereza, herufi ianze na neno ambalo mtoto anaisikia sauti yake mdomoni mwake mwenyewe.

Huyo mzazi usimkwepe. Mwite aone mtoto akimenya chungwa. Mtu mzima ana mifupa midogo 8 kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtoto wa miaka minne mingi katika hiyo bado ni gegedu, haijakomaa kuwa mfupa. Mkono huo bado mchanga, na akilazimishwa kufuatisha nukta nusu saa anashika penseli kwa ngumi, anaibana, anachoka, anaanza kuuchukia mwandiko kabla hajaujua. Kumenya chungwa kwa vidole (wewe umeshamwanzishia upenyo kwa kisu) kunatumia gumba na kidole cha shahada vilevile penseli itakavyotaka, kwa nguvu ambazo mkono wake unaziweza. Kukamua, kuchambua mbegu, kudondosha mbegu moja moja kwenye chupa yenye mdomo mwembamba: hayo ndiyo mazoezi yake ya kuandika. Mwambie hivyo bila kuomba radhi.

Nao wauza pakiti nawajua. Jana alikuwa anauza mafuta ya nywele, leo ni "mtaalamu wa malezi" mwenye wiki 40 za mada ndani ya faili moja, zimefasiriwa na mashine. Nimewahi kuona moja inamwelekeza mtoto wa Temeke akakusanye majani yaliyopukutika kwa ajili ya baridi. Mwingine anaahidi mtoto asome ndani ya siku 21, na kweli baada ya siku hizo anamrekodi mtoto akitiririka ukurasa mzima. Funika picha, mpe sentensi ileile kwenye karatasi nyingine uone. Amekariri, kama anavyokariri tangazo la redio. Mzazi kalipa, shule imepata video ya kutangazia, na mwaka unaofuata mwalimu wa darasa la kwanza anapokea mtoto anayedhani kusoma ni kukumbuka. Kumvunja dhana hiyo ni kazi ngumu kuliko kumfundisha aliyekuja hajui kitu.

Wakuu wa shule nao wana sehemu yao. Wanataka ushahidi wa kuweka kwenye faili, na chungwa halikai kwenye faili. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulitaja umahiri sita, kuanzia kuhusiana na kuwasiliana hadi stadi za awali za kihisabati. Stadi za kisanii zimo, ndiyo, lakini kujazia rangi mchoro wa mtu mwingine si sanaa. Mkuu wako akidai karatasi, mpe karatasi tupu ambayo mtoto amechora mwenyewe chungwa lake baada ya kulimenya, na wewe umeandika pembeni maneno aliyoyasema. "Limevuliwa boya lake." Hilo liweke kwenye faili, mkaguzi yeyote anayejua kazi atasimama hapo.

Tahadhari mbili za haraka. Mafuta ya ganda la chungwa yanachoma macho, kwa hiyo maji na sabuni viwe karibu. Na tufaa bichi likikatwa mapande manene humkaba mtoto mdogo, likate vipande vyembamba, na wavile wakiwa wamekaa.

Yale matatu yako, kama hayajasinyaa, Jumatatu waulize watoto kwanza wanadhani ndani kuna nini. Ngoja majibu yaishe. Kisha usilikate kutoka kikonyoni kwenda chini kama ulivyozoea, lilaze ulikate kwa upana, katikati, na usiseme neno. Wataiona wenyewe nyota ya pembe tano.