Dawa ya oili kwa gari linalotembea kidogo

Ndugu yangu, umeuliza kama gari lako lenye kilomita 18,000, ambalo safari zake ni fupi za humu mjini Tanga, Raskazone hadi Ngamiani na kurudi, linahitaji ile chupa ya dawa ya oili uliyoshauriwa na muuza vipuri. Halihitaji. Oili yenye daraja la API au ACEA (vipimo vya ubora wa oili, vya Marekani na Ulaya) lililotajwa kwenye kitabu cha gari tayari imetiwa kiwandani viambato vya kusafisha, kuzuia kutu na kupunguza msuguano, kwa vipimo vinavyopatana. Ukiongeza kingine unavuruga uwiano huo, na fosforasi, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, ikizidi huweza kuharibu masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi (catalytic converter).

Kinacholisumbua gari kama lako ni unyevu, kwa sababu injini isiyopata moto wa kutosha haiukaushi mvuke wala petroli iliyopenya kwenye oili. Fungua mfuniko wa oili asubuhi: ukikuta utando mweupe kama mtindi, na maji ya rejeta hayapungui, basi ni huo unyevu. Badilisha oili na filta kwa kuhesabu miezi. Mimi hubadilisha kila baada ya miezi 6. Hiyo pesa ya chupa weka petroli, uende Muheza na kurudi, injini ipate moto wa kuukausha huo unyevu.