Kituo kikiwa mbele, shuka kwanza

Mdogo wangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umeuliza kwa nini kwenye Kerbal Space Program, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya angani, kila ukielekeza pua ya chombo kwenye kituo cha anga na kuwasha injini, kituo kinazidi kukuacha. Kuongeza mwendo kunainua obiti yako, yaani njia unayozungukia sayari, na obiti ya juu huchukua muda mrefu zaidi kuzunguka. Mwanaanga James McDivitt alikwama hivyohivyo na chombo cha Gemini 4 mwaka 1965, tena angani kwelikweli!

Kituo kikiwa mbele, washa injini kinyume na unakoelekea: utashuka, utazunguka upesi, utakikaribia. Ila kabla ya hapo sawazisha mwinamo wa obiti yako na ya kituo, pale zinapokatana.

Mkibakiza kilomita chache, kwenye mchezo bofya namba ya mwendo juu ya lile tufe la uelekeo hadi ionyeshe mwendo wako kulinganisha na kituo, si sayari. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mkifika karibu kabisa, punguza hadi isome 0, kisha sogea taratibu.

Kama uko Dodoma wikiendi hii, njoo na kompyuta yako Nkuhungu tuijaribu pamoja.