Meza kuu wakivua, ukumbi mzima unavua

Mleta mada kauliza mambo mawili: kwa nini barakoa kwenye mikusanyiko ziligeuka kuwa siasa wakati wa korona, na kama ugonjwa wa namna ile ukirudi tutagombana vilevile. Wachangiaji kadhaa wamemjibu kwa mkato kwamba ni ujinga wa watu tu. Mimi jibu hilo silikubali. Kipindi kile nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya mikutano ya chama chetu cha wafanyakazi, na kazi niliyopewa ilikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyeshika boksi la barakoa na chupa ya kitakasa mikono, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Walioyatazama malumbano kwenye runinga kuna kitu hawakukiona. Wengi waliofika bila barakoa hawakuwa na msimamo wowote. Walisahau. Ukimwambia mtu, "Karibu, chukua hii hapa," anaichukua, anavaa, anaingia, basi. Wengine walikuwa nayo kidevuni. Wakikuona wanaipandisha, wakishakupita wanaishusha. Hao nao hawapingi chochote, joto limewazidi na miwani imeshika ukungu. Wabishi hasa walikuwa wachache, na ukiwasikiliza, virusi havikuwamo kabisa kwenye maneno yao. "Nani kalipitisha hili?" "Mbona hatukuulizwa?" "Leo mnatuziba midomo, kesho mtatunyima kura." Tulikuwa tunaelekea uchaguzi wa chama. Uongozi uliokuwepo ndio uliotoa agizo, na kambi iliyotaka kuung'oa ikalishika agizo hilo kama ushahidi wa ubabe.

Haikuchukua muda ukumbi ukagawanyika kwa macho. Ungesimama mlangoni ukakadiria kura kabla sanduku halijaletwa: waliovaa huku, wasiovaa kule. Kuna mama mmoja, mjumbe wa siku nyingi, kazini alikuwa anavaa barakoa kutwa nzima bila kuambiwa na mtu. Akifika mkutanoni anaivua, anaikunja vizuri, anaitia kwenye mkoba. Nikamtania kwamba anaogopa virusi vya kazini tu. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikiivaa humu watasema nimehama kambi."

Jibu langu kwa swali la kwanza ni huyo mama. Dukani au kwenye basi mtu anawaza mapafu yake. Mkutanoni watu huenda pia ili waonekane wako upande gani, ndiyo maana kuna fulana, kofia, rangi na vidole hewani. Ukileta humo kitu kinachovaliwa usoni, kitasomwa kama sare, upende usipende.

Na hili si la watu wasiosoma. Oktoba 2021 picha za Bunge la Uingereza zilikuwa zinachekesha: upande wa Labour, chama cha upinzani, wengi wamevaa, ukigeukia upande wa Conservative, chama tawala wakati huo, nyuso ziko wazi. Jacob Rees-Mogg, aliyekuwa akiongoza shughuli za serikali mle ndani, akatetea kwamba mwongozo unahusu kukaa na watu usiowafahamu, na wabunge wa chama chake wanafahamiana. Eti virusi navyo vinasubiri kutambulishwa.

Marekani ndiyo iliyoharibikiwa zaidi, na pale mtu anaweza kuonyesha hata tarehe. Mnamo 3 Aprili 2020 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilishauri watu wafunike mdomo na pua kwa kitambaa wakiwa mahali pa watu. Rais Donald Trump ndiye aliyelitangaza hilo mbele ya waandishi, na papo hapo akasema yeye hadhani kama atavaa. Aliyekaa mlangoni anajua kilichofuata. Kwenye mkutano wake wa kampeni kule Tulsa, jimbo la Oklahoma, 20 Juni, barakoa ziligawiwa pale mlangoni lakini kuvaa kukawa hiari, na wengi hawakuvaa. Herman Cain, mwanasiasa aliyekuwepo pale bila barakoa, alilazwa siku chache baadaye na akafariki 30 Julai. Wapi hasa aliambukizwa haikujulikana, lakini kifo chake kikawa fimbo: wa upande huu wanaupiga nacho upande ule, na wa upande ule wanalalamika kwamba maiti inafanyiwa siasa.

Ila nisiubebeshe lawama upande mmoja. Wiki hizohizo kulikuwa na maandamano makubwa kufuatia kuuawa kwa George Floyd, Mmarekani mweusi aliyefia mikononi mwa polisi. Wengi walivaa barakoa na walikuwa nje, jambo ambalo kweli linapunguza hatari. Lakini wataalamu wa afya zaidi ya elfu moja walitia saini barua ya wazi wakiyaunga mkono, kwa hoja kwamba ubaguzi wa rangi nao ni janga la afya, na wakasema msimamo huo usichukuliwe kama ruhusa kwa mikusanyiko mingine, hasa ya wanaopinga masharti ya kubaki nyumbani. Hata ukiikubali hoja yao, ona ilivyosikika kwa mtu aliyekatazwa kumzika mzazi wake pamoja na ndugu zake. Alisikia kwamba mkusanyiko wako ni hatari au salama kutegemea unasema nini ukiwa pale. Nililisikia neno hilo mlangoni kwangu mara nyingi kuliko habari yoyote ya kisayansi, na sikuwahi kuwa na jibu fupi la kumpa mtu huku foleni imesimama.

Halafu kuna suala la kuaminiana, ambalo wataalamu wenyewe walilitia doa mapema. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema mtu mwenye afya asiye na dalili hana haja ya barakoa, na sehemu ya sababu ilikuwa uhaba: wahudumu wa afya walihitaji zile zilizopo. Ikafika 5 Juni ndipo shirika likabadilisha mwongozo, likashauri barakoa za kitambaa, ikiwezekana za tabaka tatu, pale maambukizi yamesambaa na watu hawawezi kuachiana nafasi. Kubadili ushauri ushahidi unapoongezeka ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza watu waliambiwa kwa uhakika, na mara ya pili wakaambiwa kwa uhakika uleule. Mbishi mmoja alikuja na kauli zote mbili kwenye simu yake, akaniwekea mbele ya uso: "Nivae ya Machi au ya Juni?" Nilicheka, naye akacheka, akachukua barakoa akaingia. Ningeanza kumhubiria tungekesha.

Kuhusu kama barakoa zinafanya kazi, kila kambi ina utafiti wake inaoupenda. Wapinzani walishika ule wa Denmark wa 2020, wenye washiriki karibu 6,000: waliopewa barakoa walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8, wasiopewa asilimia 2.1, tofauti ambayo kitakwimu haithibitishi kitu. Wasichosema ni kwamba utafiti ule ulipima kumlinda mvaaji peke yake, katika jamii ambayo wengi hawakuvaa. Watetezi wakashika ule wa Bangladesh, vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000, ambako maambukizi yenye dalili yalipungua kwa kama asilimia 9 kwenye vijiji vilivyohamasishwa, na zaidi kwa wazee waliopewa barakoa za hospitali. Nao hawasemi kwamba hata baada ya kuhamasishwa, waliovaa ipasavyo walipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 tu. Mimi kwenye utafiti ule kilichonivutia ni namna walivyofika kwenye hiyo 42: barakoa za bure, mtu wa kukukumbusha ana kwa ana bila matusi, na viongozi wa mahali pale kuonekana wamevaa. Hakuna faini humo.

Kwa nini mikusanyiko hasa? Kwa sababu pale watu wanapaza sauti. Kuna kwaya moja kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, iliyofanya mazoezi 10 Machi 2020. Watu 61 walihudhuria, mmoja akiwa na dalili. Wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa wakafika 53, wawili wakafariki. Haikuhitaji mtu kumkoholea mwenzake usoni. Waliimba pamoja ndani ya jengo. Sasa chukua mkutano wa siasa, wenye nyimbo, vigelegele na kuitikia kila baada ya dakika mbili.

Hapo ndipo nilipokuwa napandwa na hasira, kwa sababu anayepaza sauti kuliko wote ni yule aliye jukwaani, na ndiye wa kwanza kuvua. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Wajumbe wote wamekaa kimya na barakoa zao, mwenyekiti anasimama, anaishusha kidevuni, anasogeza kipaza sauti hadi kinagusa midomo, anahutubia nusu saa kuhusu umuhimu wa kujikinga, kisha anampa makamu kipaza sauti kilekile. Kufika hoja ya tatu nusu ya ukumbi wameshavua, na mimi natumwa nikawakumbushe walioko nyuma.

Tena si jipya. Wakati wa homa kubwa ya mafua ya 1918, jiji la San Francisco kule Marekani liliamuru watu wote wavae barakoa, na asiyevaa alitozwa faini au kufungwa. Novemba ile, agizo likiwa bado linatumika, meya James Rolph alipigwa picha kwenye pambano la ngumi akiwa hana barakoa, pamoja na mganga mkuu wa jiji, William Hassler, mwenye agizo lake. Meya alitozwa dola 50, mganga dola 5. Agizo likaondolewa 21 Novemba, na liliporudishwa Januari 1919 likakuta upinzani umejipanga: kukaundwa umoja wa kupinga barakoa uliokusanya maelfu ya watu kwenye mkutano mmoja. Tarehe 1 Februari likafutwa. Sisemi picha ile peke yake ndiyo iliyozaa upinzani, walikuwepo wafanyabiashara na watu waliochoka. Lakini jaribu kusimamia agizo mlangoni baada ya picha kama ile kutoka gazetini.

Wanaosema barakoa ni jambo la afya tupu, serikali isishukiwe, wawaulize watu wa Hong Kong. Oktoba 2019 serikali yao ilitumia sheria ya dharura kupiga marufuku kuficha uso kwenye maandamano. Julai 2020 serikali hiyohiyo ikalazimisha kila mtu afunike mdomo na pua hadharani, na Desemba mwaka huo mahakama yao ya juu ikasema ile marufuku ya kwenye mikusanyiko ni halali. Ujerumani nako sheria inakataza kuficha sura kwenye maandamano, na bado 1 Agosti 2020 polisi wa Berlin walivunja mkusanyiko wa wapinga masharti kwa sababu, pamoja na mengine, hawakuvaa barakoa. Kila agizo lilikuwa na mantiki kwa wakati wake. Lakini mwananchi akihisi kwamba uso wake umekuwa mali ya serikali, huyo si mjinga, anakumbuka tu ya mwaka jana.

Kilichotutuliza sisi hakikuwa elimu, na vipeperushi tulivichapa vya kutosha. Kwanza agizo lilirudishwa kwa wajumbe wenyewe, wakalijadili na kulipigia kura kama utaratibu wa mkutano, na likawekewa mwisho: kila mkutano linaanza kwa kuthibitishwa upya au linakufa. Waliolipinga walipata mahali pa kulipinga, na waliposhindwa kwa kura walivaa, wengine kwa kununa. Pili, meza kuu walikatazwa kuvua hata wakati wa kuongea. Sauti inasikika, ni kuongeza nguvu ya spika kidogo. Tatu, na hili ndilo naliona lilifanya kazi kuliko yote, mlangoni tuliwekwa wawili, mmoja kutoka kila kambi, boksi liko katikati yetu. Mpinzani anafika amekaza uso, anamkuta mwenzake wa kambi yake kavaa na anamwambia, "Chukua bwana, tukapige kura." Ubishi unakosa pa kushika.

Mmoja tu alikuwa na lalamiko ambalo kura isingeweza kulimaliza. Mzee wetu mmoja hasikii vizuri, miaka yote anafuata mkutano kwa kusoma midomo ya wasemaji, na ghafla midomo yote imepotea. Yeye hakuwa na kambi. Tulimkalisha pembeni ya katibu msaidizi aliyekuwa anamwandikia hoja kwa herufi kubwa, na ilikuwa nusu ya msaada, kwa sababu utani na vijembe haviandikiki.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako la pili: ndiyo, tutagombana tena, hasa kama ugonjwa utatukuta karibu na uchaguzi na agizo likatoka kwa mtu anayegombea.

Na mdau aliyeuliza kama mlinda mlango ana haki ya kumzuia mtu, itategemea agizo limetoka wapi na jengo ni la nani. Ukumbi wa kukodi huwa na masharti ya mwenye ukumbi. Yasome kabla hujalipa, kisha yabandike mlangoni kwa jina lake, maana mtu hupunguza ukali akijua anayemzuia si mpinzani wake wa uchaguzi. Sisi kwa asiyetaka kuvaa kabisa tuliweka viti nje karibu na madirisha; anasikia, ananyoosha mkono, na sanduku la kura linapelekwa hadi alipo. Walikaa huko kwa amani zao. Mvua ikinyesha, wengi walichukua barakoa wakaingia.