Kufagia akaunti na kuzoa bakaa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa mkataba wa mkopo wa mradi niuweke katika Kiswahili, ili wanachama wetu ambao ndio wenye mradi wausome wenyewe kabla ya kutia saini. Nimekwama kwenye kifungu kimoja. Nimeandika hivi: "Uwiano wa huduma ya deni utakaposhuka chini ya 1.20, kichocheo kitaanza kazi na benki itafagia fedha zote zilizopo kwenye akaunti ili kulipa deni mara moja." Mwenzangu mmoja anasema "fagia" si neno la mkataba. Mwingine anasema nisiliguse, kwa sababu ndivyo mabenki yanavyosema. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya saini, maana sentensi yako kama ilivyo sasa inasema jambo zito kuliko kinavyokusudia kifungu chenyewe. Mwanachama akiisoma ataelewa kwamba siku mradi utakapoyumba, benki itaingia kwenye akaunti, itaondoa kila kilichomo na kudai mkopo mzima siku hiyohiyo. Vifungu vya namna hii havisemi hivyo. Tuangalie kwanza jambo lenyewe, kisha tuyapime maneno.

Uwiano unaotajwa hapo ni hesabu ya kugawanya. Juu zinakaa fedha ambazo mradi umebaki nazo baada ya kulipa gharama za uendeshaji na kodi katika kipindi fulani, mara nyingi miezi 12. Chini yanakaa marejesho ya kipindi hichohicho, yaani riba pamoja na sehemu ya deni la msingi iliyofika muda wake. Tuseme mradi umebaki na milioni 118, na marejesho ni milioni 100. Uwiano ni 1.18. Tazama vizuri hali hiyo: mkopaji amelipa marejesho yote kwa wakati na amebakiwa na milioni 18. Hana malimbikizo. Kilichotokea ni kwamba ziada yake imekuwa ndogo kuliko walivyokubaliana, na benki inataka ziada hiyo ipunguze deni kabla wenye mradi hawajagawana gawio. Hilo ndilo mabenki yanaloliita kufagia.

Sina ugomvi na "fagia" kwa sababu eti ni neno la nyumbani. Lugha ya fedha imejaa vitu vya nyumbani: mfuko wa hifadhi, kapu la bidhaa, dirisha la mikopo, na hakuna anayelalamika. Shida iko kwenye shamirisho, yaani kile kinachotendwa. Kwa Kiswahili, tunachofagia hasa ni mahali. Tunafagia nyumba, tunafagia uwanja, tunafagia njia. Hata tukisema "fagia taka hizi", nia ni kupaacha pale pasafi, na mfagiaji husifiwa kwa alichokiacha: sakafu isiyo na kitu. Ndiyo maana ukimwambia mtu "benki itafagia akaunti", anachokiona kichwani ni akaunti tupu. Ukibadili ukasema "itafagia fedha", fedha zinakaa kwenye nafasi ya taka, na bado hujamwambia zinapelekwa wapi. Kwa kawaida Kiswahili kina njia ya kuonyesha upande ambako tendo linaelekea, ile kauli ya kutendea: chota huwa chotea, tupa huwa tupia. Ifanye hivyo kwa "fagia" utapata "fagilia", na "kumfagilia mtu" siku hizi ni kumshabikia na kumsifu. Njia hiyo imefungwa.

Lakini tazama jinsi lugha yenyewe ilivyokwisha kuigawa kazi hii. Mtu hufagia, kisha huzoa. Kufagia kunaleta vitu pamoja, kuzoa kunaviondoa na kuvipeleka vinakopelekwa. Na shamirisho la "zoa" ni kitu, si mahali: hatuzoi nyumba, tunazoa kilichobaki sakafuni. Neno hili pia halijafungwa kwenye taka, kwani watangazaji wa michezo husema timu imezoa pointi tatu na kila mtu hufurahi. Lina doa moja ambalo lazima nilitaje. Mafuriko nayo huzoa, na yakishapita hakibaki kitu. Kwa hiyo "zoa" halitoshi likiachwa peke yake. Linahitaji shamirisho lenye mpaka unaojulikana. Shamirisho hilo ni "bakaa".

Bakaa ni neno la wahasibu: kinachobaki baada ya kutoa kilichopaswa kutolewa. Nalipenda kuliko "ziada" nililolitumia mimi mwenyewe hapo juu katika maelezo ya kawaida, kwa sababu "ziada" lina hukumu ndani yake. Ukisema mtu ana ziada, umeshasema hazihitaji. Wenye mradi wanaweza kubisha, na watakuwa na hoja, kwamba katika mwaka mgumu hakuna hata shilingi wasiyoihitaji. "Bakaa" halisemi lolote kuhusu mahitaji ya mtu. Linataja jibu la hesabu, basi. Ndiyo maana kichwa cha kifungu chako ningekiita "uzoaji wa bakaa". Nimewahi kuona pia "ukombaji wa fedha". Achana nalo kabisa. Chungu kilichokombwa hakina hata ukoko, na "amekomba fedha za chama" ni maneno tunayomwambia mwizi.

Bakaa baada ya nini? Hapo mkataba haupaswi kunyamaza. Utakuta kifungu kingine kinachopanga malipo kwa zamu, na mabenki hukiita kwa picha ya maji yanayoanguka ngazi kwa ngazi. Watafsiri hukimbilia "maporomoko ya maji", lakini kwa sikio la Kiswahili maporomoko ni kuanguka kwa kishindo, tena kwa mara moja, na ile zamu inapotea. "Mfuatano wa malipo" linatosha. Kwa kawaida hutangulia gharama za uendeshaji na kodi, kisha riba na deni la msingi vilivyofika muda wake, kisha akaunti ya akiba ya marejesho ijazwe ikiwa imepungua, ndipo tufike kwenye bakaa. Katika mfano wetu zilibaki milioni 18. Tuseme akiba imepungukiwa milioni 6, ikajazwa. Bakaa ni milioni 12. Mkataba ukitaja asilimia 100, zinazolewa zote 12. Ukitaja asilimia 50, zinazolewa 6. Fedha za kuendeshea mradi haziguswi. Kwa hiyo yale maneno yako "fedha zote zilizopo kwenye akaunti" yafute leo hii.

Hakikisha pia kwamba kifungu chako kinazungumzia kuzoa na si kufungia. Mikataba mingine ina yote mawili. Fedha zilizofungiwa hukaa kwenye akaunti maalumu, bado ni mali ya mradi, na uwiano ukipanda huachiliwa. Zilizozolewa zimekwisha kulipa deni; hazirudi. Nimeona tafsiri iliyotumia "kuzuia fedha" kwa yote mawili, na msomaji wake hangeweza kujua kama siku moja angeziona tena fedha zile.

Sasa "kichocheo". Tunachochea moto ili uzidi kuwaka, na kichocheo ni kile kinachozidisha jambo. "Kichocheo cha uwiano" kitasikika kama dawa ya kuupandisha uwiano, kinyume cha unachotaka. Neno lililo karibu zaidi na wazo lenyewe ni "kifyatuo", kwa sababu kufyatuka ni tendo la mtego: hakuna anayeamua, sharti likitimia unafyatuka wenyewe. Kwa maelezo ya mdomo ningelitumia bila wasiwasi. Kwenye mkataba nalionea mashaka, maana palipo na kufyatuka pana mtego, na hakuna anayetia saini kwa moyo mkunjufu mahali anaposikia mtego. Ushauri wangu ni kukiita kila kiwango kwa matokeo yake. Mkataba unaweza kuwa na kiwango cha kuzuia gawio, tuseme 1.25, kiwango cha kuzoa bakaa, 1.20, na chini kabisa kiwango cha ukiukaji, tuseme 1.05. Majina hayo matatu yanajieleza. Yanakuepusha pia na kosa la kuandika kwamba mkopaji mwenye 1.18 "amevunja masharti". Hajavunja chochote. Amefika mahali ambapo mkataba wenyewe umetabiri na kupanga la kufanya.

"Utakaposhuka" lina makosa mawili ndani ya neno moja, na haya ndiyo yanayonihangaisha zaidi kwa sababu hayaonekani. La kwanza ni hiyo "-taka-po-". Tukisema "mvua itakaponyesha tutapanda", tunajua mvua itanyesha, tunangoja siku tu. Umewaambia wanachama kwamba uwiano wao utaanguka, bado tarehe. Jambo lisilo na uhakika lina "-ki-" au "endapo". La pili ni "shuka", ambalo ni tendo la kutoka juu kwenda chini. Ikiwa kipimo cha kwanza kabisa kitatoa 1.18, uwiano huo umeshuka kutoka wapi? Haukuwahi kuwa juu. Mwanasheria wa mkopaji anaweza kushikilia hapohapo. Taja hali, usitaje mwendo: "endapo utakuwa chini ya 1.20". Na angalia mpaka wenyewe. "Chini ya 1.20" linamwacha salama mwenye 1.20 kamili. "Usiozidi 1.20" linamkamata. Watafsiri huyabadilishana maneno haya kana kwamba ni pacha.

"Mara moja" ni hatari zaidi ya yote uliyoyaandika. Lina maana ya sasa hivi, na lina maana ya kwa mkupuo mmoja, na kwenye kifungu cha uwiano lina maana ya tatu, kwa kuwa wahasibu husoma 1.0 kama "mara moja". Kama unataka upesi, andika idadi ya siku. Kama unataka mkupuo, andika mkupuo.

"Huduma ya deni" nalo. Kitenzi "kuhudumia deni" kimekwisha kukaa katika hotuba za bajeti na taarifa za habari, na kina faida yake: "kulipa deni" kunaweza kueleweka kama kulimaliza, kumbe hapa tunataja sehemu ya kipindi hiki tu. Ila kikigeuzwa kuwa nomino kinapotoka. Huduma ya maji ni kuletewa maji. Huduma ya deni itakuwa kuletewa deni. Wakopaji wenyewe wana neno lao zuri, "marejesho", na ndani yake riba na deni la msingi vimo pamoja. "Uwiano wa kumudu marejesho" utaeleweka na kila mwanachama bila mwalimu.

Mawili madogo kabla sijakuandikia upya. "Miezi 12 iliyopita" inahesabiwa kutoka siku ya msomaji. Mkataba unataka "iliyotangulia tarehe ya upimaji". Na kama fedha zilizozolewa zinakata marejesho kutoka mwisho wa ratiba, usiandike "kuanzia rejesho la mwisho", kwa maana wengi wataelewa rejesho walilolipa juzi. Tofauti hiyo si ndogo: yakikatwa ya mwisho, mkopo unakwisha mapema lakini rejesho lijalo linabaki na uzito uleule, yakipunguzwa yote, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake, kila rejesho lijalo linakuwa jepesi kidogo.

Kifungu chako basi kingesomeka hivi:

"Endapo katika tarehe yoyote ya upimaji uwiano wa kumudu marejesho, kwa miezi 12 iliyotangulia tarehe hiyo, utakuwa chini ya 1.20, asilimia 100 ya bakaa itakayopatikana baada ya kukamilika kwa mfuatano wa malipo itatumika ndani ya siku 10 kupunguza deni la msingi, kuanzia rejesho lililo mwisho kabisa katika ratiba na kurudi nyuma. Uzoaji wa bakaa utaendelea hadi uwiano utakapofikia 1.20 au zaidi katika tarehe mbili za upimaji zinazofuatana."

Nimeruhusu "utakapofikia" hapo mwisho kwa kuwa sasa tunangoja jambo ambalo pande zote mbili zinalitazamia. Asilimia 100, siku 10 na vipimo viwili ni vya kwangu, nimeviweka ili sentensi ikamilike. Chukua vilivyomo kwenye mkataba wako, na kama umenyamaza kuhusu lini uzoaji unakoma, warudishie wenye kuuandika kabla hujaendelea na ukurasa unaofuata.