Na mkokoteni utapita wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama magari ya kebo, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, yanafaa kuwa usafiri wa umma mijini. Sisi wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, tumetajiwa kebo kwa miaka, kama tunavyotajiwa daraja, na swali letu ni jingine: nani atalipa, na mkokoteni utapita wapi?

Anayevuka Likoni kwa feri akiwa kwa miguu halipi. Asiyekaa ng'ambo huenda haoni uzito wa jambo hilo. Mama wa beseni la mahamri, kibarua aliyezunguka kisiwani kutwa asipate kazi, mwanafunzi, wote hushuka ule mteremko bila kutia mkono mfukoni. Mwekezaji wa kebo lazima arudishe pesa zake. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema hapana, basi.

Nakumbuka jioni moja ya Ramadhani nilipokuwa na shangazi yangu. Tulitoka soko la Marikiti na magunia mawili ya unga, dumu la mafuta na katoni ya tende za kuuza, vyote juu ya mkokoteni. Maji yalikuwa yamekupwa, na yakikupwa mteremko wa feri huwa mkali. Hamali alikaa mbele akiuzuia mkokoteni kwa mgongo, visigino vikiburura saruji, na vijana wawili tusiowajua wakaushika nyuma bila kuombwa. Shangazi akawa anawapigia kelele, "Polepole wanangu, polepole!" Tukapanda, lakini feri haikung'oka. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, na meli ikipita feri husubiri. Adhana ikatukuta papo hapo. Shangazi akaipasua katoni akaanza kugawa: hamali, wale vijana, dereva wa tuktuk, mama mmoja mwenye msalaba shingoni ambaye alipokea tende yake kisha akatoa chupa yake ya maji izunguke. Nikamnong'oneza shangazi kwamba anamaliza mtaji. Akanikata jicho. Meli ilipokwisha kupita, katoni ilikuwa nusu.

Mkokoteni ule hauingii kwenye kebini ya watu kumi.

Lakini kuna La Paz, Bolivia. Tangu 2014 kebo za kampuni ya serikali zinauunganisha mji huo na mji wa El Alto kule juu, na wanawake wa sokoni hupanda na mafurushi yao mgongoni. Medellín, Kolombia, walianza 2004 kuwafikia watu wa milimani, na kebo yao imeunganishwa na treni ya mjini. Rio de Janeiro waliwajengea wa mitaa ya mabanda ya Complexo do Alemão 2011. Kufika 2016 fedha za jimbo zikakauka, kebo ikasimama. Ile ya London, juu ya mto Thames, imekuwa hasa ya watalii. Waya ni ule ule kila mahali. Kinachotofautiana ni nani amefikiriwa kwanza.

Na feri nayo tusiisifu kupita kiasi. Aprili 1994 watu 272 walikufa maji kwenye kivuko jirani cha Mtongwe. Septemba 2019 mama na binti yake walizama na gari lao papa hapa Likoni, nchi nzima ikilia. Kebo hupita juu ya meli, haisubiri. Nikimfikiria mgonjwa anayekimbizwa kisiwani usiku, siwezi tena kusema hapana kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo nasema ijengwe, lakini kama mlango wa pili. Kivuko hiki husemwa kinabeba watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Laini K, ile kebo ya kwanza ya Medellín, hubeba kama 3,000 kwa saa kila upande. Hata ikijaa saa 18 mfululizo, ni watu 108,000 pande zote mbili. Haitoshi kuiondoa feri, na pepo za kusi zikivuma sana kebo itasimama. Feri ya bure kwa wa miguu iandikwe kwenye mkataba kabla ya mnara wa kwanza kuchimbiwa msingi. Nauli ya kebo isizidi ya matatu, na mwenye beseni asizuiwe mlangoni. Na ikiwa pesa iliyopo ni ya kitu kimoja tu, inunuliwe feri mpya kwanza, kebo ingoje.

Msomaji, Likoni