Papa wa mafuriko karudi tena (kwa wadogo zangu mlioanza kuokota vitu mtandaoni)

Jana usiku nafungua simu nakutana na papa. Yule yule. Anaogelea katikati ya barabara iliyofurika, raha mustarehe, na chini yake dogo mmoja mgeni kwenye grupu letu kaandika "jamani tuombeane, hali si hali". Nikacheka kwanza, halafu nikachoka. Huyo papa namjua kuliko ninavyowajua baadhi ya binamu zangu. Picha yake ya asili ilipigwa 2003 baharini Afrika Kusini na Thomas Peschak, papa mweupe anaifuata kayaki (kamtumbwi kembamba) yenye mtu ndani, picha ya kweli kabisa, sasa kuna mtu akamkata papa akambandika kwenye maji ya barabarani, 2011 kimbunga Irene kilipopita akaonekana Puerto Rico, 2017 Harvey akahamia Houston, yaani kila penye mafuriko yeye yupo, hana nauli hana viza.

Sikumjibu dogo palepale mbele za watu, maana na mimi niliwahi kumposti. Mara mbili. Ila nimekaa miaka kumi na kitu kwenye hii kazi isiyo na mshahara ya kuokota vituko na kuwaletea watu, na naona mnajikwaa kwenye jiwe lile lile, hadi ukucha wangu bado uko pale. Basi nimeamua kuandika, mkisoma sawa, msiposoma tutakutana mafuriko yajayo.

1. Picha ina kwao. Itafute kwao kabla hujaileta kwetu. TinEye, tovuti inayokutafutia picha ilikotokea, iko toka 2008, Google nao wakaleta ya kwao 2011, kwa hiyo kisingizio hakuna. Panga matokeo kuanzia ya zamani kabisa, hao wanaotokea juu ni waliokopi kama wewe. Ni klipu? Isimamishe pale panapoonyesha mahali vizuri, piga skrinishoti, tafuta hiyo.

Siku hizi kuna na zile ambazo hazina kwao kabisa, kama Papa Francis na lile koti jeupe la kuvimba Machi 2023, hakuna mpiga picha, hakuna koti, ni mtu na Midjourney yake, programu ya AI inayochora picha kwa maneno. (Ndiyo, najua, papa na Papa, acheni.)

Lakini na ujuaji nao una adhabu yake. 2022 kimbunga Ian kimepiga Florida, ikaja klipu kutoka Fort Myers, kitu cheusi chenye pezi kinajirusharusha kwenye ua wa nyumba ya mtu uliojaa maji. Nikaruka wa kwanza, FEKI, kwa herufi kubwa, nikaweka na picha ya kayaki kuwafundisha watu historia. Kumbe ya kweli. Waandishi walimfuata aliyeirekodi, wakaangalia data za faili lenyewe, ikasimama, wataalamu wakabaki wanabishana tu kama ni papa mdogo au samaki mwingine mkubwa. Kwa hiyo nimemposti papa wa uongo mara mbili na nimemkana wa kweli mara moja. Hiyo ndiyo rekodi yangu, mtafute na nyie ya kwenu.

2. Kejeli haina king'ora. Mtu anaandika utani kwa sura kavu, wewe unakata kichwa cha habari unakileta peke yake, na kilichokuwa utani kinafika kwetu kikiwa habari. Na msijione wajinga sana, 2012 The Onion, gazeti la Marekani la habari za utani, walimtangaza Kim Jong-un kuwa mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani, tovuti ya People's Daily ya China ikaichukua kama ilivyo ikaongezea na picha 55. Gazeti zima, lina wahariri. Dawa yake ndogo tu: kabla hujakopi soma vichwa vingine vitatu kwenye ukurasa huo huo, kama kingine kinasema mbwa kaomba talaka, umeshajua uko wapi.

Tarehe 1 Aprili mimi simu naifungia kwenye droo. BBC walishawahi kuonyesha 1957 familia Uswisi inavuna tambi kutoka kwenye miti, na watu wakapiga simu kuuliza wapandeje. Ingawa na hapo kuna mtego wa pili, kuna utani unaokuja kuwa kweli. Tarehe 1 Aprili 1990 ilitoka hati rasmi kabisa ya mambo ya intaneti inayoeleza jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa, kila mtu akacheka, 2001 jamaa fulani Bergen huko Norway wakawafunga njiwa vikaratasi miguuni wakajaribu kweli. Walituma pakiti 9 (vifurushi vya data), zikarudi 4, na ya haraka kuliko zote ilichukua karibu saa nzima. Mnaolalamikia bando lenu, mmesikia.

3. Usikate jina la mwenye kazi. Hii ngojeni nikae vizuri.

Ilikuwa kitambo, nina njaa ya laiki kama nyie. Nikaokota katuni moja, konokono kasimama mbele ya gamba lake mwenyewe, gamba lina kamlango, kamlango kamefungwa, na yeye anajipapasa anatafuta funguo. Ndiyo hivyo tu, hakuna hata neno moja. Konokono hana mfuko jamani. Hana hata mikono, mchoraji alimpa vimikono viwili kwa ajili ya huo upapasaji tu, na ule uso sasa, uso wa mtu anayejua kabisa funguo ziko ndani mezani lakini anajipapasa tena, labda. Nilicheka peke yangu mpaka nikajishtukia.

Kona ya chini kulia kulikuwa na sahihi. Ndogo, kama sisimizi wanne wamepanga foleni. Picha ilikuwa ndefu na mimi nilitaka mraba ili ikae vizuri kwenye simu, nikakata. Nataka mnielewe hapo, sikukaa nikasema sasa namwibia mtu. Nilivuta kidole, kona ikapotea, nikabonyeza sawa, juu nikaandika "mimi kila Ijumaa", nikatuma.

Ikapaa. Kufika asubuhi ilikuwa imesharudi kwangu kwa njia tatu, shangazi kanitumia, mtu wa kazini kanitumia, na mtu nisiyemjua kabisa kaifanya picha yake ya profaili. Wiki nzima nikatembea kifua mbele kana kwamba konokono nimemzaa mimi. Watu wananiita mzee wa konokono na mimi naitika. Dhambi yenyewe iko hapo, kukata nilikata mara moja, kuitika niliitika wiki nzima.

Miezi ikapita. Siku moja mtu kwenye grupu, mkimya, alikuwemo zaidi ya mwaka na sikumbuki kama aliwahi kuandika hata salamu, akaweka katuni ile ile. Yake ndefu, kamili, kona ipo, sisimizi wanne wapo. Akaandika tu "niliichora hii mwaka jana, leo nimeikumbuka". Wakamvamia. We jamaa acha wizi, hii ni ya admini. Umeongezea jina lako pembeni huoni aibu. Mmoja akaenda kuifukua posti yangu ya zamani akaileta kama kidhibiti, tazameni tarehe, tazameni nani kaanza. Yaani mtu anaitwa mwizi wa mkono wake mwenyewe na ushahidi wa kumfunga nimeutengeneza mimi kwa kidole.

Na nilikuwa hewani. Hii ndiyo nikiikumbuka usiku nageuza mto. Niliona kila kitu kinavyoenda. Nikaandika "jamani huyu ndiye mwenyewe", nikafuta. Nikaandika "tuache fujo", nikafuta. Nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Narudi baada ya dakika arobaini kashaondoka, kimebaki kile kistari cha kijivu kinachosema fulani ametoka kwenye grupu.

Nikamfuata inboksi. Nikashusha aya ndeeefu, samahani ndugu yangu, sikujua ni yako, haikuwa nia yangu, vijiuongo vidogo vidogo vimevaa kanzu ya toba. Akakaa kimya siku mbili. Akajibu: "Hukujua ni yangu kwa sababu jina ulilikata." Basi. Hajaandika tena na mimi sikuwa na cha kuongeza.

Nikarudi kwenye grupu nikaeleza yote, nikafuta ya kwangu, nikaweka ile kamili. Wachache wakasema poa admini umeungama, wengi hawakusoma, walishahamia kwenye paka anayeogopa tango. Ile ya mraba bado inazunguka mpaka leo, inarudi kila baada ya miezi imechakaa, imekuwa ya njano pembeni kwa kupigwa skrinishoti juu ya skrinishoti, na kila ikirudi naweka ile nzima chini yake. Wananiona msumbufu. Sawa tu.

Kwa hiyo mkiniona nang'ang'ana "umeitoa wapi, umeitoa wapi" msidhani ni uzee.

4. Linki zinakufa, hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa, siku ile ile uliyoupenda. Wenzenu tuna mafaili ya linki mia mbili za vitu vilivyowahi kutuchekesha na nusu yake ni 404, yaani ukurasa haupo tena. Kulikuwa na jagi la kahawa pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, 1991 watafiti walilielekezea kamera ili wasihangaike na ngazi bure kukuta limekauka, 1993 kamera ikaingia kwenye wavuti, na watu wa dunia nzima wakawa wanatazama jagi. Kamera ikazimwa 2001. Hakuna aliyekuwa anajaribu kumchekesha mtu, watu walitaka kahawa tu, na ndiyo maana mpaka leo nalipenda kuliko klipu mia za watu wanaojiangusha makusudi mbele ya kamera. Mkipata kitu cha namna hiyo, kilichotengenezwa kwa dhati na mtu asiyejua anachekesha, kileteni mbio.

5. Kepsheni fupi, na mtoe hizo emoji sita za kucheka, kama inachekesha tutacheka wenyewe. Na "subiri mwisho" ni marufuku, kama mwisho ndio mtamu kata mwanzo (huo mnaruhusiwa kukata).

6 ilikuwepo. Nimeisahau wakati naandika habari za konokono.

7. Mtu aliyedondoka, aliyesinzia kwenye basi, mtoto wa mtu analia: pita. Hajui kama yuko kwetu.

8. Cha kweli ndicho kigumu kuuzwa. Nimewahi kuwaletea wombati, yule mnyama wa Australia anayekunya vipande vya mraba kama dadu, na nikaweka maelezo kabisa kwamba kuta za utumbo wake kule mwishoni hazivutiki sawasawa, sehemu ngumu sehemu laini, na waliochunguza jambo hilo walipewa tuzo ya Ig Nobel 2019, ile ya tafiti za kweli zinazochekesha kwanza halafu zikakufikirisha. Grupu zima likanikataa. Eti admini umepigwa. Watu hao hao, papa wa barabarani walimwombea dua, mavi ya mraba wakasema haiwezekani. Nikawaletea chura aliyeelea hewani kwa sumaku, bila kuguswa na chochote, nikawaambia huyu Andre Geim alipata Ig Nobel kwa huyo chura mwaka 2000, halafu 2010 akapata Nobel yenyewe ya fizikia kwa mambo ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Mmoja akanijibu "siku hizi AI inafanya mambo". Mwaka 2000!

Msikate tamaa lakini. Leteni na chanzo, waacheni wakatae, kuna wawili watatu watabonyeza, na hao wawili watatu ndio grupu lenyewe, wengine ni abiria.

Turudi kwa dogo wa papa. Usiku ule ule alinifuata inboksi, "kaka mbona leo umenuna, au si kweli?" Nikampa habari yote, 2003, kayaki, Peschak, Irene, Harvey, nikamtumia na ile ya asili, ile bahari ya buluu na mtu wa kayaki kageuza shingo anamtazama papa nyuma yake. Dogo akafurahi kweli, "kumbe ana historia hivi, hii ni kali kuliko ile!" Nikalala nimeridhika, nikasema huyu atakuwa mtu.

Asubuhi naamka, dogo kaiposti ya kayaki grupuni. Kaiweka mraba, na jina la mpiga picha nililomwandikia mwenyewe halipo popote.

Nakuja inboksi dogo. Kaa hapo hapo.